Jumamosi Zilizobaki

Jumamosi, 24 Mei

Nimenunua daftari hili kwa sababu nikiendelea kumsimulia Bi. Tokushige kazini, karakana nzima ya lenzi za miwani itajua habari zangu kabla mwezi haujaisha. Mambo yenyewe ni haya. Mimi na Norihisa tunaachana. Hatukugombana, wala hakuna mtu wa tatu. Kampuni yake ya lifti ilimhamishia Niigata miaka mitatu, akaenda peke yake kama waume wengi wanavyoenda, mimi nikabaki hapa Kagoshima na kazi yangu. Aliporudi mwezi wa tatu nilimwona akifungua droo moja moja kutafuta vijiko, nikajisemea huyu ni mgeni. Nikamwambia labda tuachane. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa." Kama vile nimemwuliza anataka chai au hataki. Hiyo sawa yake imenikaa kooni mpaka leo.

Fomu ya talaka tumeshaijaza na mihuri tumepiga. Mashahidi wawili wanaotakiwa wametia saini, Bi. Tokushige kwa upande wangu na kaka yake Norihisa kwa upande wa pili. Iko kwenye mkoba wa Norihisa. Yeyote kati yetu anaweza kuipeleka manispaa akiwa peke yake, hawaulizi mwenzake yuko wapi.

Kilichotuzuia ni gemu. Walinzi wa Ukungu, toleo la saba. Tuliagiza nakala mbili mwaka jana, yeye akiwa bado Niigata. Sisi tulijuana kwenye foleni ya kununua ile ya pili, kule mtaa wa maduka wa Tenmonkan, tukiwa na miaka kumi na saba, na tangu hapo hatujawahi kuacha hata moja. Nikasema, nusu utani, tumalize ya saba kwanza ndipo tupeleke fomu. Akasema sawa. Basi kila Jumamosi saa nne asubuhi anakuja kutoka nyumba ya kampuni kule Taniyama, mashine yake ya gemu ndani ya mfuko, na tunacheza sura moja. Sanduku halisemi sura ni ngapi.

Leo tumemaliza sura ya kwanza, baada ya Jumamosi mbili nzima. Saa kumi za kufundishwa kutembea, kuruka, kunoa silaha na kula. Miaka ishirini na moja nimekuwa nikisaka madubwana, leo nafundishwa kuruka na nguchiro anayeongea. Huyo nguchiro ndiye mwongozaji wetu, na ukisimama kidogo tu anauliza kama umechoka. Halafu maandishi. Mimi kazi yangu ni macho ya watu, na nasema wazi kwamba aliyechagua herufi ndogo vile hana bibi mzee nyumbani kwao.

Jumatano, 28 Mei

Mlima wetu wa volkano umetema majivu tangu asubuhi. Mifuko ya njano ya kuzolea majivu imeniishia.

Ijumaa, 30 Mei

Wametangaza kwamba msimu wa mvua umeanza. Nguo nimeanika sebuleni.

Jumamosi, 31 Mei

Niseme ukweli, gemu yenyewe ni nzuri. Baada ya ule mzigo wa mafunzo, mlango umefunguka na bonde zima liko mbele yako, na ndani ya gemu nako mvua inanyesha. Manyoya ya dubwana yanalowa, yanashikana, likijitikisa maji yanakurukia. Nyundo yangu ni nzito kweli, ukiinyanyua unahisi mabega yanauma ingawa umekaa kwenye mto wa sakafuni. Na dubwana likijeruhiwa halifi hivi hivi. Linachechemea kurudi kwenye pango lake kulala, na wewe inabidi ulifuate. Norihisa siku zote huwa anasita pale mlangoni. Tangu tukiwa vijana.

Lakini kuna jambo limeniudhi mpaka nikaweka pedi ya kuchezea chini. Hii ni gemu ya watu wawili, imeandikwa kwenye sanduku. Ila kila sura mpya lazima uiingie peke yako kwanza, utazame hadithi yote peke yako, na huwezi kuiruka, halafu ndipo urushe moto angani kumwita mwenzako. Kwa hiyo tumekaa bega kwa bega, runinga mbili, kila mtu anatazama hadithi ile ile peke yake. Yake ilikuwa inatangulia kidogo, kwa hiyo kila neno nilikuwa nalisikia mara mbili.

"Waliotengeneza hii hawajaoa," nikasema.

"Au wameoa," akajibu.

Nikacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa ananichekesha. Baadaye nikapigwa na mkia nikaanguka, na mtu akianguka mwenzake lazima ambebe mgongoni mpaka kwenye moto wa kambi. Alinibeba mbali, akapita njia ndefu ya mtoni kwa sababu ile fupi ina nyigu. Alileta keki nyeupe ya viazi vikuu, tukaila yote.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua. Bi. Tokushige kaniuliza mbona naimba kazini. Sikujua kama naimba.

Jumamosi, 7 Juni

Sura ya tatu. Tungeimaliza mapema, ila Norihisa alitaka kuvua samaki. Samaki wa ndani ya gemu. Kuna mzee mmoja kijijini anataka samaki kumi wenye mapezi mekundu, na zawadi yake ni kofia mbaya isiyo na kazi yoyote. Nilimwambia tuachane na huyo mzee. Akasema mzee wa watu ameomba. Tukasimama mtoni saa nzima, nguchiro akituuliza kama tumechoka, nje mvua inapiga kwenye bati la banda la baiskeli.

Kwanza nilikereka. Halafu katikati ya hapo akaanza kunieleza kuhusu Niigata. Miaka mitatu sikuwahi kusikia. Alinieleza kuhusu jengo moja la wazee ambako lifti ilikuwa ikikwama kila mwezi, na bibi mmoja wa ghorofa ya sita ambaye kila akienda alikuwa anamwekea chungwa moja juu ya sanduku la vifaa. Siku moja lifti ikawa nzima, hakuitwa tena. Akasema alikuwa anatamani iharibike. Alikuwa anaongea akiangalia samaki, hakuniangalia mimi, na nadhani ndiyo sababu aliweza.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema kwingine: sitaki tuachane. Nilikosea mwezi wa tatu. Nilikuwa nimezoea upweke wangu, nikaona yeye ndiye anayeuharibu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeandika ujumbe, nikaufuta. Nimeandika tena, nikaufuta.

Jumamosi, 14 Juni

Nilijipa moyo kwamba leo nitasema. Nimeamka saa kumi na moja, nimepika, nimefagia majivu mlangoni. Sura ya nne ni ya mapango, na kwenye mapango kamera ya gemu hii ni balaa tupu. Ukibanwa kwenye kona inakuonyesha ukuta na kisigino chako, dubwana linakula nyama yako na wewe unasoma miamba. Tuliangushwa mara tatu. Mara ya nne tukashinda, na wimbo wa ushindi ulipopigwa tukageukiana wote wawili, na mimi nikafungua mdomo.

Nikasema, "Chai bado ipo."

Yeye akasema sawa. Tukanywa chai. Alikuwa kama mtu anayengoja kitu, kisha akatazama saa, kisha akakunja nyaya zake. Kwa nini niseme mimi? Talaka niliitaja mimi, hilo kweli, lakini yeye hata hakuikataa. Akinitaka, mdomo anao.

Jumanne, 17 Juni

Mvua kubwa, tramu zimesimama mpaka mchana. Nimevunja lenzi mbili.

Jumamosi, 21 Juni

Nimejua jambo ambalo bora nisingelijua.

Sura ya tano tumeimaliza saa tisa. Norihisa akaenda msalani, nikabaki nachezea orodha ya marafiki kwenye mashine yangu. Pale mashine inaonyesha kila mtu amecheza jumla ya saa ngapi. Mimi saa thelathini na moja. Norihisa saa themanini na nane. Nikashuka chini ya jina lake. Imeandikwa: hadithi imekamilika. Tarehe, ishirini na tisa Mei.

Alishamaliza. Kabla hata hatujafika bondeni, yeye alikuwa ameshafika mwisho, peke yake, kwenye faili lingine, halafu akaendelea kuja kucheza na mimi pole pole kama mtu anayemshika mtoto mkono. Kila dubwana lililonishtua, yeye alilijua. Kila nilipomwambia angalia, angalia, alikuwa ameshaangalia.

Alirudi, akauliza kama ninajisikia vibaya. Nikasema kichwa. Akasema tunaweza kupumzika wiki moja kama nimechoka, hakuna haraka. Nikasema sijachoka. Alipoondoka nilikaa sakafuni mbele ya runinga mbili zilizozimwa nikalia, na sikulia kidogo.

Jumapili, 22 Juni

Nimefikiri usiku kucha. Ni wazi. Alitaka kujua mwisho, akaenda akaujua, na sasa anakuja kwa ajili ya ahadi tu. Ndivyo alivyo. Akisema sawa, ataitimiza sawa yake hata ikimchosha. Kutazama kwake saa, kule kuniambia nipumzike, yote sasa naelewa. Anakaa hapa saa tano kila Jumamosi kumalizia jambo lililokwisha.

Nilimpigia Bi. Tokushige. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mwulize."

Nikamwambia nikimwuliza nitamtia aibu. Atajiona ameshikwa uongo, ataomba msamaha, ataendelea kuja kwa kuomba msamaha, na hilo litakuwa baya zaidi.

"Basi tianeni aibu," akasema. "Mimi na mume wangu tumetiana aibu miaka arobaini, na mpaka leo ananikanda mgongo."

Sikumsikiliza. Nimepata njia ya kistaarabu. Nikiimaliza gemu mimi mwenyewe, ahadi imekwisha, naye yuko huru, hakuna aliyemwaibisha mwenzake. Nimeanza sura ya sita mchana. Nimeimaliza jioni.

Jumatatu, 23 Juni

Sura ya saba, nusu. Peke yako hakuna wa kukubeba. Ukianguka, umeanguka.

Jumanne, 24 Juni

Sura ya saba imekwisha. Ya nane nimeianza, na hata sikutazama bonde jipya lilivyo.

Jumatano, 25 Juni

Nimepiga simu kazini nikasema naumwa. Sura ni tisa. Nimemaliza saa kumi na moja jioni.

Dubwana la mwisho ni la zamani sana, lina ukungu badala ya manyoya, na ukilijeruhi linachechemea kama mengine yote. Nililifuata mpaka pangoni, nikasimama mlangoni. Nikasita. Halafu nikaingia nikalimaliza, kwa sababu ndilo nililolijia. Majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupanda, mamia ya watu, na muziki mzuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye gemu hizi. Nilitamani kumwambia asikilize.

Nusu saa baadaye simu ikalia. Norihisa. Ujumbe wa neno moja: "Hongera." Mashine imewatangazia marafiki kwamba nimemaliza, sikukumbuka kwamba huwa inafanya hivyo. Nikamjibu: "Asante. Sasa huna haja ya kujisumbua."

Hakujibu. Nikajiambia amepumua.

Ijumaa, 27 Juni

Ameuliza kama anaweza kuja kesho hata hivyo. Nimesema sawa.

Jumamosi, 28 Juni

Amekuja saa nne. Bila mashine. Mvua ilikuwa kubwa, suruali yake imelowa mpaka magotini, nikampa taulo. Alikaa kwenye mto wake, mbele ya mahali ambapo runinga ndogo huwa inakaa, na mimi nikaweka chai ya shayiri mezani. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mpole. Nikamwambia nilijua kwamba alishamaliza tangu mwezi wa tano, kwamba sina kinyongo, kwamba nimeimaliza ili asiendelee kuchoka kwa ajili yangu.

Akaweka taulo chini.

"Kuchoka?" akasema.

"Ulimaliza kabla hatujafika popote, Nori. Saa themanini na nane. Niliona."

"Nilimaliza, ndiyo. Wiki mbili za mwanzo, kila nikitoka kazini. Nilitaka kujua sura ziko ngapi."

"Ili iweje?"

Akazungusha kikombe. "Nijue zimebaki Jumamosi ngapi."

Sikuelewa, au nilielewa na mwili ukakataa. Akaendelea kwa ile sauti yake ya chini, kama anamweleza mteja hitilafu ya lifti. Sanduku halikusema sura ni ngapi, na yeye hakuweza kukaa bila kujua. Alipojua ni tisa, alianza kutafuta namna ya kuzivuta. Ndiyo maana ya samaki. Kuna kazi za wazee wa kijijini zaidi ya mia moja, alikuwa ameziandika zote kwenye karatasi, na alikuwa akizipanga ili kila sura ichukue siku nzima, na mbele ya safari siku mbili. Pale aliponiambia tupumzike wiki moja alikuwa anaomba wiki moja.

"Zilikuwa zimebaki ngapi?" nikauliza, ingawa ninazijua. Nilikuwa nimezila mwenyewe.

"Nne. Na leo ikiwemo."

Nilisema basi tusiipeleke fomu. Nilisema haraka, maneno yakigongana, kwamba sitaki tuachane, kwamba nimetaka kumwambia tangu siku ya samaki. Nilisema yote niliyoyaandika kwenye daftari hili na mengine ambayo sikuthubutu kuyaandika. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamwambia aitoe hiyo fomu tuichane hapa hapa.

Akafungua mkoba. Akatoa faili la plastiki, na ndani yake hakukuwa na fomu. Kulikuwa na cheti kimoja cha manispaa, chenye muhuri mwekundu, kinachosema fomu yetu imepokelewa. Alhamisi, tarehe ishirini na sita.

"Nilipita asubuhi kabla ya kazi," akasema. "Ulikuwa umemaliza bila mimi. Uliandika nisijisumbue. Nikasema basi, una haraka. Nikaona afadhali niipeleke mimi, usije ukalazimika kuomba ruhusa kazini."

Nilikisoma cheti mara mbili. Kisha nikamwambia watu huandikisha ndoa tena, sheria haikatazi, Jumatatu tunaweza kwenda, fomu nyingine zipo pale pale dirishani.

"Sanae," akasema. Hajaniita jina langu hivyo tangu tukiwa vijana. "Nilingoja Jumamosi sita. Siku ya mapango nilijua utasema. Ukasema chai bado ipo."

"Na wewe ungeweza kusema."

"Ningeweza."

"Sasa mimi nasema."

"Unasema kwa sababu imeshapelekwa." Hakulisema kwa ukali. Alikuwa analia, na sikuwahi kumwona akilia, hata alipozikwa baba yake. "Tumekisiana miaka kumi na minne ya ndoa. Mimi nakisia, wewe unakisia, kila mtu anajiona mwema. Nimechoka kukisia, mke wangu. Tukirudi humu ndani, kesho tunaanza tena, na mimi sina nguvu hizo."

Aliniita mke wangu, kwa mazoea, na wote wawili tukalisikia. Akaomba radhi.

Nilimkasirikia. Nilimwambia ni mwoga, kwamba alinipima kwa gemu badala ya kuniuliza kama mtu mzima. Akasema ndiyo. Nilimwambia mimi pia ni mwoga. Akasema ndiyo. Ijumaa alikuwa amekubali kurudi Niigata, walikuwa wanatafuta mtu asiye na familia. Anaondoka mwisho wa Julai. Aliosha kikombe chake na kijiko, akakausha, akafungua droo sahihi bila kutafuta na kuweka kijiko.

Mlangoni nilimshika mkono wa koti. Alikaa hivyo, nimemshika, mpaka maji ya mwavuli yakatengeneza kidimbwi kwenye viatu vyake. Kisha akaondoa vidole vyangu kimoja kimoja, taratibu, akaenda.

Nampenda. Ningesema neno hilo moja tarehe saba, au kumi na nne, au ishirini na moja, leo tungekuwa kwenye sura ya sita.

Jumapili, 29 Juni

Sikutoka kitandani.

Jumatatu, 30 Juni

Bi. Tokushige alinitazama mara moja tu, akaweka kiti chake karibu na mashine yangu ya kukatia, akafanya kazi pale mpaka jioni. Hakusema, "Nilikwambia." Ningependa angesema.

Jumamosi, 5 Julai

Leo ingekuwa sura ya saba.

Jumatano, 9 Julai

Nimempigia. Nilisema wazi kila kitu, bila kukisia, bila adabu. Alinisikiliza, akanishukuru, akasema amesikia, na kwamba jibu lake ni lile lile. Mara hii hakusema sawa. Alisema hapana, kwa upole, na nikagundua kwamba ndiyo mara ya kwanza ananiambia hapana tangu tujuane.

Jumamosi, 12 Julai

Sura ya nane. Mvua siku nzima.

Jumatano, 16 Julai

Wametangaza kwamba msimu wa mvua umekwisha. Nguo nimetoa nje.

Jumamosi, 19 Julai

Jua kali. Saa nne nilikuwa nimekaa kwenye mto wangu. Leo ndiyo tungemaliza.